Bi Koma, Aliyesimamisha Mashine kwa Ajili ya "Mara Moja"

Ijumaa tarehe ishirini na nane mwezi huu, saa kumi na nusu alasiri, Bi Koma atakabidhi ufunguo wa chumba cha wafasiri na kustaafu baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi saba ya utumishi katika kiwanda chetu cha uchapaji. Ofisi ya utumishi ilikuwa imeandika "takriban miaka thelathini na minne" kwenye kadi ya mwaliko. Kadi ilirudishwa. Bi Koma hajawahi kuwa na urafiki na neno takriban, na hakuona sababu ya kuuanza urafiki huo katika wiki zake za mwisho.

Kwa wageni watakaolisoma jarida hili bila kutujua: sisi ndio tunaochapa vile vikaratasi vilivyokunjwa mara nane ndani ya pakiti za dawa, vijitabu vya maelekezo ya pasi na majiko, na lebo za chupa ambazo watu huzisoma wakiwa wameshakosea. Maandishi hayo hutufikia kwa Kiingereza. Kazi ya chumba cha wafasiri ni kuyatoa huko na kuyafikisha kwa Kiswahili yakiwa hai, bila mkono kuvunjika wala sikio kupotea njiani.

Jina lake la kwenye mkataba wanalijua watu wa mishahara. Sisi tunalijua hili la Bi Koma, na asili yake inabishaniwa mpaka leo. Wachapaji wanasema ni kwa sababu ya alama ya koma, ambayo aliweza kuiona imekosewa akiwa upande wa pili wa chumba. Madereva wanasema ni kwa namna alivyowakazia macho watu waliomletea kazi dakika tano kabla ya kufunga na kuwaambia, "Koma!" Alipoulizwa mwenyewe alisema wote wako sahihi, ila madereva wamesahau kuweka alama ya mshangao.

Alianza kazi kama mpiga taipu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, mke wa fundi umeme, mama wa binti wa miezi minane, na mkwe wa mwanamke ambaye tutamtaja sana hapa kwa sababu historia ya idara yetu haiandikiki bila yeye. Meza yake ilikuwa kando ya mlango, pale ambapo kila apitaye huacha mwavuli, kikombe au lawama.

Mkuu wa wafasiri wakati huo alikuwa Mzee Kadi. Aliitwa hivyo kwa sababu ya sanduku la mbao lililokaa mezani pake, ndani yake kadi elfu mbili na ushei zilizopangwa kwa alfabeti. Kila neno la Kiingereza lilikuwa na kadi yake, na kila kadi ilikuwa na neno moja la Kiswahili. La pili hakuna. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, kola yake safi siku zote, na aliamini kwa dhati kwamba mfasiri anayetafuta neno la pili anatafuta njia ya kukwepa kazi.

Kadi ya neno once ilisema: mara moja.

Sasa, once ni neno dogo, herufi nne tu, na mtu akilitazama juujuu ataona Mzee Kadi hakukosea. Ukiambiwa ufagie once a week, unafagia mara moja kwa wiki, na hakuna ugomvi. Ukiambiwa uje at once, unakuja mara moja, yaani sasa hivi, na hapo pia kadi inapeta. Ugomvi unaanza neno linapohama nyumba. Kuna once ya mambo yaliyokuwapo zamani na sasa hayapo. Kuna once ya jambo likishatokea ndipo lingine lifuate. Kuna ile wanayoanzia hadithi za watoto, ambayo kwetu ni hapo zamani za kale. Kuna once ya mtu aliyechoshwa, anayekuomba angalau leo unyamaze. Zote hizo kwa Mzee Kadi zilikuwa mara moja.

Mwaka wa pili wa Bi Koma kazini tulichapa programu ya sherehe ya ufunguzi wa shule. Mgeni rasmi aliwahi kuwa mwalimu. Kiingereza kikatumia once, kadi ikafanya kazi yake, na watu mia tatu wakasoma kwamba mgeni rasmi "alikuwa mwalimu mara moja". Wanafunzi wake wa zamani walitaka kujua ilikuwa siku gani na ni kitu gani kilimfanya asirudi. Mwaka uliofuata likaja birika la umeme. Lilitakiwa kujizima maji yakishachemka. Kijitabu chetu kilisema "mara moja maji yanachemka, birika linajizima", na wateja wawili walirudi dukani na mabirika yao, wana hofu, wakieleza kwamba ya kwao yamekwisha kuchemsha maji mara tatu na bado yanafanya kazi.

Mpiga taipu aliyaona hayo, akacheka, akachapa. Anasema hivyo yeye mwenyewe, na hajitetei.

Kilichomwondoa kwenye kicheko kilitokea mwaka wa sita. Asubuhi ya Jumanne moja mama mkwe wake, ambaye aliishi nao, aliamka na msokoto wa tumbo. Mwanawe alikuwa juu ya nguzo ya umeme, mkwe wake alikuwa mbele ya taipu, na mjukuu alikuwa shule. Akamwomba jirani amletee dawa. Jirani akaleta chupa ya vidonge vinane, dawa mpya na kali, ya kutumiwa na nyumba nzima. Mama mkwe alikuwa mtu makini. Alivaa miwani, akakunjua kikaratasi, akakisoma kwa sauti: "Maumivu yakianza, meza kidonge kimoja mara moja."

Waliotengeneza dawa walikusudia kidonge kimoja, basi, hakuna cha pili. Kikishindwa, mgonjwa aende hospitali. Mama mkwe alielewa kwamba maumivu yakianza asizubae. Hakuzubaa. Yalianza saa mbili, akameza. Yakatulia, yakaanza tena saa nne, akameza. Saa saba vilevile. Saa nane na nusu vilevile. Mjukuu aliporudi shule alimkuta amekaa sakafuni mlangoni pa jikoni, ameshika mguu wa meza, anauliza ni nani anayeizungusha nyumba.

Alilazwa siku tatu. Jioni ya kwanza daktari alikuja na kikaratasi mkononi.

"Nani alikwambia umeze vinne, mama?"

"Karatasi."

"Lakini karatasi imeandika kidonge kimoja."

"Ndiyo, kimoja. Sikumeza viwili hata kidogo. Kimoja, mara moja. Tumbo likianza tu, na mimi naanza. Sikuchelewa hata dakika, daktari. Muulize jirani."

Wauguzi walicheka, na daktari akageuka upande. Ambaye hakucheka ni mwanamke aliyesimama miguuni pa kitanda. Alikuwa amekichukua kikaratasi kutoka mkononi mwa daktari na kukitazama pembeni, chini kabisa, mahali ambapo hakuna msomaji anayefika. Pale kulikuwa na namba ya kazi, na kando ya namba, herufi mbili za mpiga taipu. Zilikuwa zake.

Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba kwa kitambo kidogo alitaka kukikunja kikaratasi kile na kukitia kwenye mkoba. Hakuna ambaye angejua. Aliyeyaandika maneno alikuwa Mzee Kadi. Aliyeyachapa ni mtu wa kuchapa tu. Badala yake alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama," alisema, "karatasi hii niliichapa mimi."

Mama mkwe alimtazama kwa jicho moja, kwa sababu akitumia yote mawili aliwaona wakwe wawili.

"Basi kaichape tena," alisema, akageukia ukutani akalala.

Siku ya pili yake mimi mwandishi wa wasifu huu nilikuwa ndani ya chumba cha wafasiri, mpanga kurasa mwenye miezi mitatu kazini, nimeleta kurasa za kusahihishwa. Chini kwenye mashine oda ya pili ya kikaratasi kilekile ilikuwa imeanza kuchapwa, nakala elfu sitini. Bi Koma aliingia saa mbili kasoro robo akiwa na nguo za jana. Niseme pia jambo ambalo sote tulilijua: mpiga taipu aliyemtangulia aliwahi kumwambia Mzee Kadi kwamba kadi fulani imekosea, na tangu siku hiyo alikuwa stoo akipanga marobota ya karatasi. Bi Koma alikuwa na mtoto wa shule na mgonjwa hospitali. Stoo walilipwa nusu ya mpiga taipu. Alisimama mbele ya meza yenye sanduku, mikono ameifumbata nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nimesikia mama mkwe kaugua."

"Ndiyo, mzee. Nina swali la nyumbani, kama una dakika."

Mzee Kadi alipenda kuombwa ushauri. Akasogeza kikombe. "Sema."

"Mgonjwa kapewa dawa. Maelezo yanasema, maumivu yakianza, meza kidonge kimoja mara moja. Sasa maumivu yameanza. Afanye nini?"

"Na wewe umesimama hapa unangoja nini? Si wamesema mara moja? Piga simu ameze sasa hivi!"

"Na yakianza tena mchana?"

"Ameze tena, palepale! Maumivu hayana..."

Bi Koma alikuwa ameweka mezani vitu viwili, kikaratasi chetu na ukurasa wa Kiingereza kilikotoka. Mzee Kadi alisoma kimoja, akasoma kingine. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa, akasoma tena. Mimi nilikuwa nimekumbatia kurasa zangu, sijui niziweke wapi wala nijiweke wapi.

"Vingapi?" aliuliza hatimaye.

"Vinne, mzee."

"Yu hai?"

"Yu hai. Anadai chai."

Aliinuka. Ngazi za kwenda kwenye mashine alikuwa hajazishuka miaka kadhaa kwa sababu ya magoti, lakini siku hiyo alizishuka bila kushika ukuta, sisi wawili nyuma yake. Kelele kule chini ni za kutisha. Mzee Kadi alisimama mbele ya fundi wa mashine akainua mkono juu kuashiria simama. Fundi, ambaye hakuwa na desturi ya kutembelewa na wakubwa, alifurahi sana, akapunga mkono naye. Mzee akainua mikono yote miwili. Fundi akapunga yote miwili. Mwisho mzee alimpita, akabonyeza kile kitufe chekundu ambacho sote tuliapishwa tusikiguse labda jengo linaungua, na kiwanda kizima kikanyamaza. Nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna saa ya ukutani kule chini, na kwamba inagonga.

Kurasa elfu ishirini na mbili zilizokwisha kuchapwa zilikwenda kusagwa. Lakini oda ya kwanza ilikuwa tayari kwenye maduka ya dawa, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwa siku tisa Bi Koma, dereva wa gari dogo, mimi, na yeyote aliyeonekana hana la kufanya tulizunguka duka hadi duka, tukifungua pakiti moja moja na kubandika stika iliyoandikwa maneno manne: "Kidonge kimoja tu. Usirudie." Maneno hayo aliyatunga Bi Koma, na yalikuwa tafsiri yake ya kwanza kuchapwa. Wenye maduka wengine walitupokea vizuri. Mmoja alitufungia mlango akidhani ni wakaguzi. Dereva, ambaye alianza kwa kulalamika kwamba yeye ameajiriwa kuendesha na si kubandika, kufikia siku ya nne alikuwa akiwaeleza wauzaji kwa hamasa tofauti ya mara moja na mara moja, huku mguu mmoja ukiwa bado ndani ya gari.

Tulisikia habari za watu wengine wawili waliozidisha vidonge vile. Wote walipona. Bi Koma aliwatafuta wote wawili akaenda kuwaona, na alichowaambia hajawahi kutusimulia, nasi hatukuuliza.

Ofisi ya utumishi iliandika barua ya ukali kutaka kujua nani aliyeamuru mashine isimamishwe bila kibali. Majibu ya Mzee Kadi yalikuwa na neno moja, "Mimi", pamoja na sahihi. Aliyelichapa neno hilo ni Bi Koma, na anasema hajawahi kuchapa barua iliyomchukua muda mrefu kama ile.

Kisha mzee alitoa kadi ya once kwenye sanduku, akaigeuza upande mtupu, akamsogezea na kalamu. "Andika mengine," alimwambia. Upande ule haukutosha. Ikaongezwa kadi ya pili, ya tatu. Jumatatu iliyofuata mpiga taipu wa zamani alitolewa stoo, akaketi kwenye meza ya kando ya mlango, na Bi Koma akahamishiwa ndani kama mfasiri msaidizi. Miaka minne baadaye, Mzee Kadi alipostaafu, once peke yake ilikuwa kadi saba zilizofungwa kwa mpira. Aliacha pendekezo la mstari mmoja kuhusu nani amrithi: "Mpeni yule aliyeniuliza swali."

Wakampa.

Chini ya uongozi wake idara ilikua kutoka watu watatu hadi kumi na mmoja, na ikapata sheria ambayo haimo kwenye mwongozo wowote rasmi: hakuna kikaratasi cha dawa kinachopita bila kusomwa kwa sauti na mtu ambaye hajaona Kiingereza chake. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mama mkwe. Bi Koma aliondoka na rasimu jioni na kurudi nazo asubuhi zikiwa na maoni. Tumezihifadhi. "Mwanangu, hiki ni Kiswahili au mtu kakabwa koo?" Hii ilihusu dawa ya mafua. "Mnasema nitikise chupa. Mpaka lini?" Hii ilihusu dawa ya kikohozi, na leo lebo ile inasema tikisa ukihesabu hadi kumi. Kijitabu cha jiko la gesi kilirudi na neno moja tu: "Mnaniogopesha." Kikaandikwa upya. Mkurugenzi mmoja aliuliza mkaguzi huyu wa nje ana sifa gani, na Bi Koma akajibu kwamba ndiye pekee katika taaluma hii aliyewahi kulazwa kwa ajili ya tafsiri. Mama mkwe ana miaka themanini na minane sasa na macho yamechoka, kwa hiyo husomewa. Maoni hayajapungua.

Wanagenzi waliopita mikononi mwake wanaikumbuka asubuhi ya kwanza. Mtu alipewa karatasi yenye sentensi nane, kila moja ina once, na chai. Aliruhusiwa kutumia mara moja kwenye sentensi mbili tu, na kazi ilikuwa kuzitambua hizo mbili. Mmoja, ambaye leo ni naibu wake, alifasiri ile ya kumaliza jambo lisirudi tena, once and for all, kuwa "mara moja na kwa watu wote". Mwingine alipokutana na ile ya mara chache chache, once in a while, aliandika "mara moja katika kitambo", akaulizwa kitambo kina ukubwa gani. Hakuwahi kumwaibisha mtu mbele ya wenzake. Alichora mstari mwembamba chini ya neno, akaandika pembeni, "Ungemwambia mama yako hivi?" Mtu akisoma swali hilo mara tatu nne kwa wiki hubadilika, hata nyumbani kwake.

Na wala hakulichukia neno mara moja, kama wengine walivyodhani. Siku moja mwanagenzi mwenye bidii alilifuta kila mahali alipolikuta, hata penye haki yake, akidhani anamfurahisha. Bi Koma alilirudisha kila lilipostahili, moja baada ya jingine. "Halina kosa lolote," alimwambia. "Ni mfanyakazi mzuri. Sisi ndio tulimpa zamu za watu wote."

Haki inatudai tukumbuke pia tangazo la chooni. Msimamizi wa usafi, kwa nia njema kabisa, alibandika karatasi juu ya bomba: "Tafadhali vuta maji mara moja." Kundi la kwanza likaelewa kwamba usiondoke kabla ya kuvuta. Kundi la pili likaelewa kwamba kuvuta zaidi ya mara moja ni kosa, na kundi hili, kwa bahati mbaya, ndilo lililotii zaidi. Wiki nzima kiwanda kiligawanyika. Wahasibu waliacha kusalimiana na wachapaji. Bi Koma, aliyekuwa na mikataba miwili mikubwa mezani, aliahirisha kikao, akaenda na msimamizi mpaka kwenye eneo la tukio, akarudi na maandishi ambayo yapo hadi leo: "Ukimaliza, vuta maji. Yakigoma, vuta tena." Amefasiri vitabu vizima vya mitambo ya hospitali, lakini kwa maoni ya msimamizi wa usafi kazi yake kubwa ni hiyo.

Alikuwa na kasoro, na angenirudishia wasifu huu kama nisingezitaja. Alichelewa kwenye mikutano na kuwahi kwenye ubishi. Alisahihisha kadi za harusi za watu aliokwenda kuwapongeza. Mumewe anasema ndani ya nyumba ile haiwezekani kumwomba mkewe apitishe chumvi bila kuulizwa kiasi gani na baada ya nini. Lakini pia anasema, akimtazama mama yake kwenye kiti chake, kwamba hajawahi kulalamika kwa dhati.

Kompyuta ya kufasiri ilipokuja, miaka sita iliyopita, tulidhani atanuna. Alikaa mbele yake kwa hamu, akaandika sentensi zake nane. Mashine ilijibu kwa sekunde mbili, na mara moja ikatokea mara sita. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mzee amerudi," alisema, "na safari hii amekuja bila magoti mabovu." Akaipa mashine kazi ya rasimu, na kila ilichokitoa kikaendelea kusomwa kwa sauti na mtu, kama kawaida.

Sasa niseme la wiki iliyopita, kisha nimwache aende.

Jumatano ililetwa kazi ndogo ya zahanati moja inayohamia jengo jipya. Walitaka maneno ya kuandikwa juu ya lango, yenye maana kwamba mtu akiwahi kutibiwa pale mara moja tu, wao watamhesabu jirani yao maisha yote. Kiingereza chake kilikuwa kifupi na kitamu, na kilianza na once. Kama ilivyo desturi ya miaka yote, watu kumi wa chumba kile, nami siku hizi nikiwamo, waliinua vichwa wakamgeukia Bi Koma.

"Sijui," alisema. "Niambieni nyinyi."

Hakuwahi kusema hivyo. Alichukua kikombe chake akaenda kusimama dirishani, ametupa mgongo. Tulianza kwa woga. Mmoja akapendekeza "Ukishatibiwa hapa, wewe ni wetu", tukakubaliana kwamba hiyo itawakimbiza wagonjwa. Mwingine akaleta "Ukiingia hapa, hututoki tena", na naibu akamwomba aifute kwenye ubao kabla mtu wa nje hajaiona. Tukabishana kuhusu aliyewahi na aliyekwisha. Mtu wa mwisho kuajiriwa, binti asiyesema sana, alisema polepole kwamba labda jambo lenyewe si mara ngapi, bali ni jana na leo. Tukamwachia ubao. Ilituchukua saa nzima na dakika kumi. Dirishani chai ilikuwa imekwisha zamani, lakini mgongo haukugeuka.

Tulipomwita alikuja, akasoma ubaoni: "Mgonjwa wetu wa jana, jirani yetu siku zote." Akaisoma tena kwa sauti, kama anayemsomea mtu aliye kitandani. Kisha akachukua fomu ya kazi, akatia sahihi penye nafasi ya kupitisha, akairudisha kwa yule binti. Hakukuwa na mstari chini ya neno lolote. Hakukuwa na swali pembeni. Binti aliiangalia fomu ile nyuma na mbele, asiamini kwamba imekwisha.

Bi Koma, dada yetu: ahsante kwa kila mgonjwa aliyemeza kilicho sawa na hakuwahi kujua kuna mtu aliyehangaika kwa ajili yake. Ahsante kwa kutuuliza maswali badala ya kutupa majibu. Familia yako ikupokee, uamke kwa saa unayoitaka wewe, usome kwa raha yako vitabu ambavyo makosa yake hayakuhusu. Kila la heri nyumbani, na afya tele.